Tarantula: Buibui wa Tanzania anayefahamika zaidi ughaibuni

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

BUIBUI mwenye rangi ya chungwa iliyokolea, ambaye asili yake ni milima ya Usambara mkoani Tanga, ni miongoni mwa tarantula wanaofugwa sana majumbani Ulaya na Marekani. Picha zake zimejaa katika vitabu vya wafugaji, na watoto wake hununuliwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga ardhi ya Tanzania.

Nyumbani kwake hali ni tofauti. Anapotokea uani usiku, hasa mvua zinapoanza, hupokewa kwa kandambili, ufagio au jembe. Anayemuua huamini ameiokoa familia yake, na kisa huishia hapo.

Tofauti hiyo ina gharama. Kwa miaka mingi buibui wa Tanzania walisafirishwa wakiwa hai kwenda kuuzwa nje. Waliobaki nchini hawakupigwa picha wala kuandikiwa mahali walipoonekana. Makala haya yanaeleza tarantula ni buibui wa aina gani, wanaopatikana Tanzania ni wapi, wanafugwaje na wanapigwaje picha, na kwa nini picha iliyopigwa kijijini inaweza kuwa na thamani kuliko buibui aliyefungiwa kwenye kasha.

Tarantula ni nani

Jina tarantula limetokana na mji wa Taranto, kusini mwa Italia. Buibui wa kwanza kuitwa hivyo alikuwa wa familia nyingine kabisa. Baadaye Wazungu waliofika Amerika walilitumia kwa buibui wakubwa wenye manyoya waliowakuta huko, na ndiyo maana iliyobaki hadi leo.

Kisayansi, tarantula ni buibui wa familia ya Theraphosidae. Familia hiyo ina spishi zaidi ya 1,000, kati ya spishi zaidi ya 50,000 za buibui zilizokwishaorodheshwa duniani. Orodha ya dunia, inayotunzwa katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya mjini Bern, Uswisi, ilivuka idadi hiyo ya 50,000 mwaka 2022.

Chonge za tarantula huelekea chini, nazo hushuka sambamba kama sululu mbili. Buibui wa kawaida wa majumbani chonge zao hukutana kama koleo. Tarantula ana macho manane madogo yaliyokusanyika juu ya kichuguu kidogo mbele ya gamba la kifua, lakini haoni vizuri. Hutegemea zaidi manyoya ya miguu yake, ambayo huhisi mtikisiko wa ardhi na wa utando.

Buibui bapa anayekimbia ukutani ndani ya nyumba si tarantula. Wala si tarantula yule mdudu wa rangi ya mchanga anayekimbia kwa kasi kubwa usiku kuelekea kwenye taa; huyo si hata buibui, ingawa ni ndugu yake, na hana sumu.

Tarantula hukua kwa kujivua gamba. Wakati huo hulala chali kwa saa kadhaa, na asiyejua hudhani amekufa. Mguu uliokatika huota tena hatua kwa hatua kila anapojivua. Dume akishapevuka hutoka shimoni kutafuta jike, na maisha yake baada ya hapo ni mafupi. Jike huweza kuishi miaka mingi katika shimo moja, na baadhi ya spishi za Amerika zimeishi zaidi ya miaka 20 zikiwa zinafugwa.

Waliopo Tanzania

Tarantula wa Afrika wamepewa na Wazungu jina la nyani, kwa sababu miguu yao yenye manyoya na nyayo nyeusi iliwakumbusha vidole vya mnyama huyo.

Anayejulikana zaidi ni Pterinochilus murinus, aliyepewa jina hilo mwaka 1897 na mtaalamu wa Uingereza, R. I. Pocock. Neno murinus ni la Kilatini na linahusu panya, yaani rangi ya kijivu. Wafugaji wengi wanaomfahamu kwa rangi ya chungwa hawajui kwamba rangi hiyo ni ya baadhi tu ya maeneo. Kwingineko spishi hiyo ina rangi ya kahawia, kijivu au ya majani makavu. Inapatikana katika eneo pana, kuanzia Angola hadi Afrika Mashariki na kusini.

Mkubwa kuliko wote ni Pelinobius muticus, aliyeelezwa na Mjerumani Ferdinand Karsch mwaka 1885. Anapatikana Kenya na Tanzania. Rangi yake ni kahawia inayokaribia wekundu wa kutu, na miguu yake ikinyooshwa huweza kufikia kiasi cha sentimita 20. Huchimba shimo refu la kwenda chini na kukaa humo muda mrefu wa maisha yake. Akichokozwa husugua miguu ya mbele na kutoa mlio unaosikika.

Wapo pia Eucratoscelus pachypus, ambaye miguu yake ya nyuma ni minene kama iliyovalishwa soksi za manyoya, na Encyocratella olivacea, anayeishi juu ya miti na aliyeelezwa mwaka 1907. Heterothele villosella, wa mwaka huohuo, ni mdogo kiasi kwamba wengi wangempita bila kumtambua kuwa ni tarantula.

Mengi ya majina hayo yalitolewa na watu waliokuwa Ulaya, kwa kutumia vielelezo vilivyowekwa kwenye chupa za spiriti na kupelekwa kwenye makumbusho. Rangi hufifia ndani ya spiriti, na maelezo ya mahali buibui alipokamatwa mara nyingi yalikuwa mafupi. Ndiyo maana mwaka 2002 Richard Gallon wa Uingereza alilazimika kupitia upya jenasi za Pterinochilus na Eucratoscelus ili kupanga majina yaliyokuwa yamechanganyika.

Lumuma na milima ya Rubeho

Kata ya Lumuma ipo magharibi mwa Wilaya ya Kilosa, upande unaopakana na Mpwapwa mkoani Dodoma. Inafahamika kwa vitunguu vinavyolimwa kwa umwagiliaji. Juu yake ipo milima ya Rubeho, sehemu ya safu ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo ni maarufu duniani kwa viumbe wasiopatikana kwingine.

Ndani ya wilaya moja mazingira hubadilika haraka. Milimani kuna misitu yenye ukungu. Mabondeni kuna mashamba na mifereji, na kuelekea Mpwapwa nchi inakuwa kavu, yenye vichaka na udongo mgumu. Kusini, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, ipo Hifadhi ya Taifa ya Mikumi yenye kilometa za mraba 3,230, iliyoanzishwa mwaka 1964.

Mabadiliko hayo yana maana kwa tarantula. Spishi zinazochimba hutaka ardhi isiyobomoka na isiyojaa maji, na zile za mitini hutaka miti mikubwa yenye mapango. Jike haondoki kwenda mbali na shimo lake, na watoto wa spishi nyingi hutawanyika kwa mwendo mfupi wa miguu. Hivyo jamii ya bonde moja inaweza kukaa muda mrefu bila kuchanganyika na ya bonde la pili. Shamba jipya, moto wa kila mwaka au mtu mmoja mwenye chepeo anaweza kuiondoa jamii kama hiyo.

Kwa sababu hiyo, swali la mwanasayansi anapoona tarantula halihusu aina yake pekee. Huuliza pia alikuwa wapi, kwenye udongo gani, mwezi gani. Anayeweza kujibu swali hilo kwa Lumuma ni mkazi wa Lumuma, anayepita njia hiyohiyo kila siku kwenda shambani.

Sumu yake

Tarantula wote wana sumu. Hata hivyo, hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kitaalamu kuwa kimesababishwa na sumu ya tarantula.

Hilo lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kumchezea. Tarantula wengi wa Amerika hujihami kwa kurusha manyoya yanayowasha kutoka tumboni. Wa Afrika hawana manyoya hayo, hivyo hujihami kwa kuuma. Kuumwa na Pterinochilus murinus kumeelezwa kuwa ni maumivu makali, uvimbe na mikakamao ya misuli inayoweza kurudi kwa siku kadhaa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni, aliweke kitambaa cha baridi na aende kituo cha afya, hasa akiwa mtoto au akipata shida ya kupumua. Kukata jeraha kwa wembe au kufunga mguu kwa kamba huongeza madhara.

Buibui huyu hamfuati mtu. Akisikia mtikisiko kwanza hukimbilia shimoni. Akizuiwa huinua miguu ya mbele na kuonyesha chonge. Hiyo ni onyo, na anayerudi nyuma hatua mbili haumwi.

Biashara iliyotangulia elimu

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Communications Biology ulipekua matangazo ya mtandaoni na kumbukumbu za biashara. Ulibaini spishi 1,264 za buibui, nge na jamaa zao zikiuzwa duniani. Kwa mujibu wa utafiti huo, asilimia 67 ya viumbe hao walitoka moja kwa moja porini. Katika tarantula, hadi nusu ya spishi zinazojulikana zilikuwa sokoni. Mkataba wa kimataifa wa CITES uligusa spishi 30 tu, sawa na asilimia 2.

CITES imekwishaorodhesha tarantula wa Mexico wa jenasi ya Brachypelma na, tangu mwaka 2019, wale wa India na Sri Lanka wa jenasi ya Poecilotheria. Pterinochilus na Pelinobius wa Afrika Mashariki hawakuwamo katika orodha hizo.

Nchini Tanzania, Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwezi Machi 2016, kwanza kwa miaka 3. Juni 2022, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) ilitangaza nafasi ya miezi 6 kwa wafanyabiashara kuondoa wanyama waliobaki mikononi mwao, lakini ndani ya siku chache Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati huo, Pindi Chana, aliizuia.

Kwa Pterinochilus murinus biashara hiyo ilikwisha kuzaa nyingine: anazaliana kwa urahisi akifugwa, hivyo masoko ya nje yanajitosheleza. Pelinobius muticus ni kinyume chake. Huchukua miaka kupevuka na ni mgumu kuzalishwa, na kwa hiyo majike makubwa yaliyouzwa nje kwa miaka mingi yalichimbwa porini. Jike mmoja anapotolewa shimoni, hupotea pamoja naye mayai ya misimu ijayo.

Hasara ya pili haionekani kwa macho. Buibui aliyepita mikononi mwa madalali hufika dukani na jina la nchi tu, au jina la mlima linalovutia wateja. Mahali halisi alipotoka hapajulikani tena, na kwa sayansi buibui huyo amekuwa pambo.

Anavyofugwa

Anayetaka kufuga Tanzania aanze na sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 imeweka ukamataji na umiliki wa wanyamapori chini ya vibali, na mahali pa kuuliza kabla ya kugusa chochote ni TAWA. Ndani ya hifadhi ya taifa kama Mikumi, kuchukua kiumbe yeyote ni marufuku.

Kwa wanaofuga kihalali, mahitaji ya tarantula ni machache, lakini hayana mbadala. Spishi inayochimba huhitaji kasha lenye udongo wa kina kuliko urefu wa miguu yake, wenye unyevu kidogo chini na ukavu juu. Matundu ya hewa yawe madogo na kifuniko kifungwe imara. Nafasi kati ya udongo na kifuniko iwe fupi, kwa sababu tarantula akianguka tumbo lake hupasuka kirahisi. Spishi ya mitini huwekewa kasha la kwenda juu na gome la kujificha.

Joto la nyuzi 22 hadi 28 linatosha, na sehemu nyingi za Tanzania halihitaji taa. Kisosi cha maji safi kiwepo wakati wote. Chakula ni nyenje, mende au panzi mmoja au wawili kwa wiki, wasiozidi ukubwa wa tumbo lake. Wadudu waokotwao kwenye mashamba yaliyopuliziwa dawa, yakiwemo ya vitunguu, wasitumike, kwa kuwa kiuatilifu humuua buibui kama kinavyomuua mdudu.

Akikataa kula asilazimishwe, kwani huenda anajiandaa kujivua gamba. Mdudu aliyebaki aondolewe, maana hata nyenje anaweza kumjeruhi akiwa bado laini. Baada ya kujivua apewe wiki moja au zaidi kabla ya kulishwa. Kumshika mkononi hakumfurahishi wala hakumfugi.

Anavyopigwa picha

Picha nzuri ya tarantula huanza na subira. Muda mzuri ni saa mbili usiku na kuendelea, anapokaa mdomoni mwa shimo akisubiri windo. Mwanga mwekundu wa tochi humsumbua kidogo kuliko mweupe. Mpigapicha asikanyage karibu na shimo, kwani hatua moja nzito humrudisha chini kwa nusu saa.

Kwa kamera yenye lenzi ya makro, tundu la lenzi kati ya f/11 na f/16 huleta uwazi wa kutosha kutoka macho hadi miguu. Taa ya kamera itahitajika, na kasi ya 1/160 ya sekunde inafaa. Mwanga wa taa hiyo ukipigwa moja kwa moja hung'arisha gamba na kuficha manyoya, hivyo mbele yake huwekwa karatasi nyeupe au kitambaa chepesi ili kuutawanya. Shabaha iwe kwenye macho. Mwenye simu ya mkononi anaweza kutumia tochi ya pembeni iliyofunikwa karatasi, apige kwa umbali wa mkono mmoja na kuikata picha baadaye.

Kwa mapambo, picha moja inatosha. Kwa elimu zinahitajika angalau nne: ya kutoka juu ikionyesha gamba la kifua na tumbo, ya ubavuni, ya mdomo wa shimo pamoja na rula au sarafu ya kulinganishia ukubwa, na ya mandhari yote. Kisha yaandikwe tarehe, saa, jina la kijiji, aina ya udongo na mwinuko ukijulikana. Asifukuliwe, asimwagiwe maji wala kuchokolewa kwa kijiti kwa nguvu.

Picha hizo huweza kuwekwa kwenye mtandao wa iNaturalist, ulioanzishwa mwaka 2008, ambako wataalamu husaidia kutambua spishi. Mtandao huo humruhusu mpigapicha kuficha mahali halisi na kuonyesha eneo la jumla. Kwa tarantula tahadhari hiyo ni ya lazima, kwa kuwa wakusanyaji haramu nao husoma ramani. Kijiji na majiranukta hubaki kwenye daftari la mwenyewe, akisubiri mtafiti mwenye kibali.

Mifano mitatu

Mwaka 2019 wataalamu wawili wa Uingereza walieleza tarantula mpya mwenye miguu ya buluu, Birupes simoroxigorum, kutoka Sarawak, Malaysia. Mamlaka za Sarawak zilisema hazikutoa kibali cha kumkusanya. Jina la buibui huyo lilitokana na majina ya watoto wa Wazungu waliomfikisha Ulaya.

Mwaka 2022 ilitangazwa jenasi nyingine mpya, ya Thailand. Aliyemgundua buibui huyo ndani ya shina la mwanzi ni JoCho Sippawat, raia wa Thailand mwenye kamera na chaneli ya YouTube. Aliwapelekea taarifa wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Khon Kaen, wakaenda pamoja msituni. Buibui huyo anaitwa Taksinus bambus, kwa heshima ya Taksin, mfalme wa zamani wa nchi hiyo.

Mfano wa tatu ni wa Australia, na unahusu buibui wa kundi la karibu na tarantula. Mwaka 1974 mtafiti Barbara York Main alianza kuweka alama kwenye mashimo ya buibui bila kuwafukua, akawa anarudi mwaka hadi mwaka. Jike aliyepewa Namba 16 aliishi miaka 43, hadi mwaka 2016 shimo lake lilipokutwa limetobolewa na nyigu. Ndiye buibui aliyeishi muda mrefu kuliko wote waliopata kurekodiwa, na rekodi hiyo isingekuwepo kama angechimbwa siku ya kwanza.

Kwa mkazi wa Lumuma au kata nyingine yoyote ya Kilosa, kazi ya Main haihitaji maabara. Inahitaji kijiti cha alama, daftari, simu yenye kamera na kurudi kwenye shimo lilelile baada ya kila msimu wa mvua. Shule ya sekondari yenye mwalimu mmoja wa biolojia inaweza kuifanya kwa miaka 10 mfululizo, huku wanafunzi wakipokezana daftari. Buibui atabaki shimoni mwake, na taarifa zake zitakuwa mikononi mwa watu wanaoishi jirani naye.